Kupiga Picha za Bata wa Rangi kwa Msaada wa Flashi

Somo la mwezi huu kwa wakulima wa skimu ya Mautuma

Wahenga walisema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli sokoni, mahali ambapo mnunuzi humshika bata kwa mikono yake, humpima uzito na kumtazama macho. Lakini siku hizi bata wengi huuzwa kwa simu kabla hawajatoka bandani. Mnunuzi yuko Eldoret, au Kakamega mjini, au Nairobi. Wewe uko Mautuma. Kinachomfikia kwanza si bata, bali ni picha yake. Basi kizuri hakiwezi kujiuza ikiwa picha imekifanya kibaya.

Tuseme mkulima ana dume la bata wa aina ya Muscovy. Mgongo wake ni mweusi unaong'aa kijani na zambarau, mbawa zake zina mabaka meupe, na uso wake una vinyama vyekundu. Mkulima ampiga picha mchana wa jua kali na kuipeleka kwa mnunuzi. Mnunuzi aona donge jeusi katika nyasi. Jicho halionekani, kifua kimezama gizani, na kijani chote kimepotea. Mnunuzi auliza, "Je, bata huyu ni mgonjwa?" kisha ataja bei ya chini. Hapo mkulima hakupunjwa na mnunuzi. Amepunjwa na kivuli.

Jambo hili si dogo. Skimu ya Mautuma ni moja ya zile zilizotokana na mashamba ya walowezi, katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, karibu na Uhuru wa 1963. Tangu wakati huo mashamba mengi yamegawanywa kwa watoto na wajukuu, na sehemu ya kila mmoja imekuwa ndogo. Bata hahitaji nafasi kubwa, na katika nyumba nyingi fedha zake ni fedha za akina mama, za kununua daftari, sabuni na chumvi. Kwa hiyo kila mfugaji yampasa ajue namna ya kumwonyesha bata wake jinsi alivyo. Somo hili laeleza njia moja iliyo rahisi: kuongeza mwanga mdogo wa flashi wakati wa mchana.

JUA LETU NA VIVULI VYAKE

Watu wengi hudhani kwamba flashi ni kitu cha usiku tu, na kwamba jua likiwa kali picha itakuwa nzuri. Sivyo. Mautuma iko karibu sana na Ikweta, pungufu ya digrii moja upande wa kaskazini. Kwa sababu hiyo jua la mchana hupanda juu sana mwaka mzima, na karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba husimama utosini kabisa.

Yafaa kukumbuka vile vile kwamba saa zetu hufuata mstari ulio mashariki yetu. Hapa Mautuma jua hufika kilele chake si saa sita kamili, bali karibu saa saba kasoro dakika ishirini, na wakati huo huenda mbele au nyuma kwa dakika kama kumi na tano kulingana na mwezi. Kwa hiyo tangu saa nne hadi saa tisa mwanga watoka juu. Mgongo wa bata huwaka, lakini jicho, shavu, kifua na miguu hubaki kivulini.

Jicho la mwanadamu laweza kuona mgongo na kifua kwa pamoja, maana hujirekebisha upesi. Kamera haina uwezo kama huo. Ikifuata mwanga wa mgongo, kifua huwa cheusi. Ikifuata kifua, mgongo huungua ukawa mweupe usio na alama ya unyoya. Tatizo si uchache wa mwanga. Tatizo ni tofauti kubwa mno kati ya mahali penye jua na mahali penye kivuli. Kazi ya flashi ya mchana ni kupunguza tofauti hiyo.

RANGI YA BATA HUTOKA WAPI

Rangi za bata ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni rangi iliyo ndani ya unyoya wenyewe, kama nyeusi na hudhurungi. Rangi hizi hutokana na kitu kiitwacho melanini, nazo huonekana upande wowote utakaosimama.

Namna ya pili ni ile rangi inayocheza: kijani cha kichwa cha dume la Rouen, au kijani na zambarau katika mgongo wa Muscovy. Ukilitafuta ndani ya unyoya, kijani hicho hutakiona, kwa maana hakuna. Kuna tabaka nyembamba sana za melanini na keratini, ambayo ni kitu kile kile kinachofanya kucha na pembe. Mwanga ukigonga tabaka hizo, baadhi ya rangi zake hurudishwa kwa nguvu na nyingine hufifia, kama tuonavyo katika povu la sabuni au katika tone la mafuta juu ya maji. Bata akigeuka kidogo, kijani huwa buluu. Akigeuka tena, huwa nyeusi.

Mkulima na alifahamu jambo hili vizuri, kwa kuwa ndilo kiini cha somo. Rangi inayocheza huonekana tu ikiwa mwanga unamfikia ndege na kurudi upande wa mtazamaji. Jua likiwa nyuma ya bata au juu yake, mwanga wa rangi huenda kwingine, nawe waona weusi mtupu. Flashi hukaa karibu na lenzi, hivyo mwanga wake humwendea bata na kurudi kwako. Ndiyo sababu hufufua rangi ambayo jua la mchana limeificha.

Wataalamu wa ndege wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Crawford Greenewalt wa Marekani alitoa kitabu mwaka 1960 juu ya ndege wadogo sana wa bara lile, wenye shingo zinazong'aa kama vito. Aliwapiga picha kwa flashi ya kasi kubwa, na pia alichunguza jinsi manyoya yao yanavyofanya rangi. Bata wako na ndege wale hutumia kanuni ile ile.

SIMU AU KAMERA?

Taa ya simu si sawa na flashi ya kamera. Flashi ya kamera hutoa mwako mkali wa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Taa ya simu ni taa ndogo inayowaka kidogo kidogo. Katika jua kali la saa saba taa hiyo haifui dafu. Hutaona tofauti yoyote. Usijisumbue. Mwenye simu na amsogeze bata kwenye kivuli kilicho wazi, yaani chini ya ukingo wa paa au chini ya mti, mahali ambapo anga huonekana upande wa mbele. Hapo tofauti ya mwanga ni ndogo, na taa ya simu ikiwa mita moja kutoka kwa bata itatia nuru katika jicho na kung'arisha shingo.

Mwenye kamera, au anayeweza kuazima ya mpiga picha wa hapo jirani, aweza kupiga hata palipo na jua.

Kwa vyote viwili, jambo la kwanza ni kuiamuru flashi iwake. Ukiiacha ijiamulie yenyewe, itaona kwamba ni mchana na haitawaka. Tafuta alama ya radi. Radi yenye herufi A ni ya kujiamulia. Radi yenye mstari juu yake ni ya kuzima. Radi peke yake ni ya kuwaka kila mara. Chagua hiyo ya mwisho.

UMBALI NDIO MPANGO

Mwanga wa flashi huchoka upesi kadiri uendavyo mbali. Bata akiwa mita 1, hupata mwanga kamili. Akiwa mita 2, hapati nusu, bali robo tu. Akiwa mita 3, hupata sehemu moja ya tisa. Mtu anayesimama mita sita akitegemea flashi ndogo anaunguza betri bure.

Flashi ya kamera huwa na namba ya nguvu iliyoandikwa katika kitabu chake. Igawe namba hiyo kwa namba ya tundu la lenzi, nawe utapata umbali kwa mita. Tuseme kamera imewekwa ISO 100, mwendo wa 1/200 ya sekunde na tundu la f/11, ambayo ni mipango ifaayo kwa jua kali. Flashi ndogo yenye namba 12 itafika mita 1 na kidogo. Flashi kubwa yenye namba 36 itafika mita 3 na zaidi. Lakini sisi hatutaki flashi ishindane na jua. Twataka isaidie tu. Nusu ya nguvu yatosha, na kwa nusu hiyo flashi ndogo hufaa hadi mita 1 na nusu, na ile kubwa hadi mita 4 na nusu hivi.

Kamera nyingi zina sehemu ya kupunguza nguvu ya flashi. Anza na -1. Ikiwa picha bado yaonekana kama imepigwa usiku, shuka hadi -2. Flashi nzuri ya mchana ni ile ambayo mtazamaji hajui kwamba ilikuwapo.

KUMTAYARISHA BATA

Rangi haiwezi kuonekana juu ya matope. Siku ya kupiga picha, wape bata karai la maji safi asubuhi na mapema. Wataoga wenyewe, kisha watajipaka mafuta kwa mdomo kutoka katika tezi iliyo juu ya mkia. Ngoja wakauke. Manyoya yaliyopangwa na kupakwa mafuta hung'aa kuliko yaliyolowa.

Usimfukuze bata ili umpige picha. Bata aliyekimbizwa huachama mdomo, hutanua mbawa na kuonekana mgonjwa. Weka ua mdogo wa mbao au magunia, tandika majani makavu safi, na utie punje chache za mahindi mahali utakapo asimame. Ikiwa ni lazima umshike, usimwinue kwa miguu, kwa maana miguu ya bata ni dhaifu na huteguka. Mkumbatie mwili pamoja na mbawa.

Usitumie flashi bandani usiku. Bata hushtuka upesi gizani, hurundikana pembeni, na vifaranga hukanyagwa. Jike anayelalia mayai naye aachwe kwa amani.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua saa. Nzuri kabisa ni kati ya saa moja u nusu na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa chini. Wakati wa mvua ndefu tumia asubuhi, maana alasiri mara nyingi huwa na mvua.

2. Chagua mahali. Nyuma ya bata pawe pa kawaida: ukuta wa udongo, ua wa miti, au gunia lililotundikwa. Bata awe mita moja au zaidi mbele ya ukuta, ili kivuli cha flashi kisimfuate kama pacha.

3. Jua na liwe ubavuni mwa bata au nyuma yake kidogo. Upande wa kivuli ndio utakaokuwa mbele yako, nao ndio utakaojazwa na flashi.

4. Piga goti. Lenzi iwe sawa na jicho la bata. Ukisimama wima utapiga picha ya mgongo tu, na mnunuzi hanunui mgongo.

5. Washa flashi, sogea hadi umbali ulioelezwa, na ulenge jicho. Katika simu, gusa jicho kwenye kioo ili simu ijue pa kuangalia.

6. Ngoja bata ageuze shingo. Rangi ikicheza, bonyeza. Piga picha kumi upate mbili zilizo njema.

7. Tazama picha papo hapo kivulini. Jicho lina nukta ya nuru? Manyoya meupe yana alama, au yameungua? Kifua chaonekana?

Asiye na flashi yenye nguvu asikate tamaa. Gunia jeupe la mbolea lililooshwa, au karatasi nyeupe ya manila, likishikwa na mtoto upande wa kivuli, hurudisha mwanga wa jua kwenye kifua cha bata. Lisogezwe karibu, lakini lisipepee hata bata akaogopa.

KASORO NA DAWA ZAKE

Bata mweupe, kama Pekin, ametoka bila alama za manyoya: punguza mwanga wa picha, au rudi nyuma hatua moja. Katika simu nyingi, ukigusa ndege katika kioo huonekana alama ya jua, itelezeshe chini.

Bata mweusi bado ni donge: usiongeze flashi tu. Badili upande, kwa kuwa rangi inayocheza hutegemea pembe. Zunguka hatua mbili kulia, kisha mbili kushoto, ukitazama shingo.

Waya wa banda umeng'aa na kumfunika bata: flashi imegonga waya. Pitisha lenzi na flashi katika tundu, au mtoe bata nje.

Madoa meupe yameonekana majini au kwenye bati: usisimame kuelekea moja kwa moja. Simama kwa pembe, ili mwanga uliorudi upite kando.

Bata ni wa manjano kuliko alivyo: huenda uliwasha balbu ya nyumbani. Mwanga wa flashi hukaribia rangi ya mchana, lakini balbu nyingi ni za manjano. Zima balbu.

PICHA YA HAKI

Flashi ni ya kufunua, si ya kudanganya. Simu za leo zaweza kuongeza rangi hata dume la kawaida likawa kama tausi. Mkulima asifanye hivyo. Mnunuzi akipokea bata asiyelingana na picha, hatanunua tena kwako, wala kwa jirani yako, maana atasema, "Ndivyo walivyo watu wa Mautuma." Jina la skimu nzima laweza kuharibiwa na picha moja.

Mpelekee mnunuzi picha nne: kichwa na jicho, mwili mzima kwa ubavu, mkia, na miguu. Mkia ni wa maana kwa sababu dume la Pekin au Rouen hujulikana kwa manyoya machache yaliyojikunja juu ya mkia, na dume la Muscovy kwa ukubwa wake na kwa vinyama vingi vyekundu usoni. Weka dumu la lita 20 karibu na bata ili ukubwa wake ujulikane. Andika umri, uzito na tarehe. Tarehe isiachwe, kwa sababu dume la Rouen hubadili manyoya baada ya kuzaliana, na kwa muda kichwa chake cha kijani hufifia na kufanana na cha jike. Mnunuzi asiyejua hilo atadhani umembadilishia ndege. Ikiwa bata ana kilema, kipige picha pia.

Jihadhari na jambo moja. Simu nyingi huweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zima sehemu hiyo kabla ya kuanza, na usionyeshe kufuli wala mlango wa banda. Picha huwafikia wanunuzi, na huweza kuwafikia wezi pia.

Faida nyingine ni kwa afya. Picha yenye mwanga wa kutosha ya jicho, mdomo au kinyesi humsaidia ofisa wa mifugo aliye mbali kujua kama aje upesi. Lakini picha haichukui nafasi ya kumwona ndege mwenyewe. Na ukikuta bata wa porini wamekufa kando ya bwawa au mto, usiwaguse wala kuwaleta nyumbani ili kuwapiga picha. Toa habari kwa ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu ya hatari ya homa ya ndege.

KAZI YA KIKUNDI

Chukueni bata mmoja mweusi anayeng'aa. Mpigeni picha nne mahali pamoja: saa saba juani bila flashi, saa saba juani kwa flashi, saa saba kivulini kwa flashi, na saa mbili asubuhi kwa flashi. Ziwekeni bega kwa bega, kisha mwulizeni mtu asiyemjua bata huyo: angetoa bei gani kwa kila picha? Majibu yake yatawafunza kuliko maneno mengi.

MASWALI

1. Kwa nini jua la saa saba hufanya kifua cha bata kuwa cheusi katika picha?
2. Bata akisogezwa kutoka mita 1 hadi mita 2, hupata sehemu gani ya mwanga wa flashi?
3. Kuna tofauti gani kati ya weusi wa unyoya na kijani kinachocheza juu yake?
4. Kwa nini flashi isiyoamriwa haiwaki mchana?
5. Taja picha nne ambazo mnunuzi apaswa kupelekewa.

Asiyeweza kujibu na arudie somo tangu mwanzo, kisha amwoge—sheye bata wake na kujaribu tena kesho asubuhi.